Pombe ya posa iliyogoma kuchacha kwenye pipa la baba mdogo

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, mwenye kikombe akiweke pembeni.

Ilikuwa zile zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara kwa kila mtu. Kwetu Nkoaranga tulizoea ushirika utuletee dawa ya kahawa. Ghafla kila mtu akawa supplier, wa kwanza baba mdogo Elirehema. Aliuza kopa, ile dawa ya bluu yenye shaba tunayopulizia mikahawa. Ukimuuliza lolote, hata kwa nini haonekani shambani, alijibu "soko huria".

Wakati huo nilikuwa naposa Kisongo, kwa Waarusha. Baba alishafariki, hivyo msemaji wangu alikuwa baba mdogo. Wakwe walitaka pombe ya ndizi. Bila pombe hakuna baraka, na bila baraka Naserian angebaki kwao. Nilimpenda yule binti mpaka nikakonda.

Mama alikuwa na pipa lake la mti. Baba mdogo akasema hilo ni la enzi za ujamaa, akaleta la plastiki, eti jipya kutoka mjini. Mama akamimina maji ya ndizi na uji wa ulezi, akatia chachu.

Kimya. Hakuna povu.

Akaongeza chachu, kimya vilevile. Baba mdogo akasema kuna mtu ana mkono mbaya, huku akimtazama mama.

Sasa niwape darasa nililopata baadaye chuoni. Chachu ni vijidudu hai, na vinahitaji shaba, ila kidogo tu. Ndani ya kila kimoja kuna protini iliyo kama mlinzi wa geti. Shaba ikipungua, mlinzi anawasha jeni za kutengeneza milango ya kuiingiza. Ikitosha, inamnasa mlinzi mwenyewe, jeni zinazimika, na milango iliyopo inavunjwa. Ikizidi, protini nyingine inawasha jeni za kutengeneza kamba za kuifunga ile ya ziada.

Yaani kijidudu kisichoonekana kwa macho kina sera ya uagizaji. Sisi tulikuwa na baba mdogo.

Ila ukikimwagia shaba kupita kiasi, kinakufa tu.

Siku ikafika. Baba mdogo akasema twende hivyo hivyo, itachachukia njiani.

Kule desturi ni kama kwetu, mleta pombe anaonja kwanza ili wenyeji waone haina sumu. Mzee, baba yake Naserian, akachota kwa kibuyu, akampa baba mdogo. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kupisha kibuyu maishani. Akakitazama, jasho likimtoka.

"Mzee wangu, samahani," akasema. "Mimi nimeokoka."

Mama akageuka kumwangalia. Mzee akanusa, akamwaga chini taratibu.

"Rudini nayo. Mkipata ambayo mwenyewe anaweza kuinywa, njooni."

Nililia njia nzima, sioni aibu kusema. Nyumbani mama akakwangua ukingo wa pipa kwa ukucha, ukatoka unga wa bluu. Lilikuwa la kukorogea kopa. Chachu walikufa kwa niaba yetu.

Mama akapika upya kwenye pipa lake la mti, nikaoa. Naserian yuko hapa pembeni ananisahihisha.

Funzo: fungueni mlango, lakini hata chachu ana wa kuufunga.

Na baba mdogo? Habari za kuokoka kwake zilimfikia mchungaji kabla hatujarudi. Jumapili akaitwa mbele kutoa ushuhuda, akautoa. Leo ni mzee wa kanisa, pombe anaisikia harufu tu kwenye harusi za wenzake.

Haya, kwenu nani aliokoka kwa dharura?