Namba Ngeni Hapokei

Mtaa mzima ulimwita Kimya, na mwenyewe hakuwahi kulalamika, kwa kuwa kulalamika nako kunataka maneno. Alikuwa fundi wa sofa. Yeye aligonga fremu na kubana sponji. Dada yake mdogo alikaa kwenye cherehani akishona vitambaa, na mdomo wake ulifanya kazi ya watu wawili. Walikuwa hivyo tangu baba yao alipowaachia karakana.

Siku hizi kazi ilipungua. Dada akapata nafasi kwenye kiwanda cha mapazia, aanze mwezi ujao. Kimya alipoambiwa alijibu, "Sawa," akaendelea kugonga misumari, akajigonga kidole. Roho ilimuuma kuliko kidole. Lakini bubu wa hiari atafanyaje? Akaamua kutafuta kampuni ya kumpandisha mtandaoni, ili mtu akitafuta fundi sofa kwenye simu, jina lake litokee juu. Kazi ikijaa, aliwaza, dada ataghairi mwenyewe.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa.

"Wiki moja tu, mzee, uko namba moja!"

"Kwa njia gani?" dada akauliza.

"Hiyo ni siri ya kampuni."

"Na tovuti itakuwa ya nani?"

"Itakaa kwetu, kwa usalama wenu."

"Kaka, huyu anataka tumkabidhi nyumba, halafu sisi tubishe hodi."

Bwana akaaga kwa haraka kuliko alivyoingia.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, kompyuta yake kaibeba kwenye kikapu.

"Namba moja siwaahidi, na anayeahidi anawachezea," alisema. "Nitapiga picha sofa zenu kabla na baada ya kazi. Nitaweka ramani sahihi, na maneno ambayo watu wenye makochi yaliyobonyea huandika wakitafuta fundi. Nywila mnabaki nazo wenyewe, na kila mwezi tunatazama pamoja wangapi wamepiga simu. Lakini kwanza, fundi, nimekukosea nini?"

Kimya akashtuka. "Mimi?"

"Kabla sijamfuata mtu, mimi humpigia kwanza kama mnunuzi. Wewe nimekupigia wiki nzima."

"Namba ngeni sipokei. Matapeli wengi."

"Na mteja mpya, baba, anapiga kwa namba gani?"

Dada alicheka mpaka akakalia kochi lisilo na sponji. Akamnyang'anya kaka yake simu. Simu ambazo hazikupokewa zilikuwa hazina mwisho. Akapiga ya kwanza: watu wanataka viti vya mezani. Ya pili, mwenye namba alishapata fundi mwingine, na alimsema Kimya kwa adabu lakini akamsema. Ya tatu, kochi la bibi harusi bado linasubiri.

"Kaka! Watu wanakutafuta siku zote hizi!"

Mama akafunga kompyuta yake. "Nikiwaletea wateja leo ni kutia maji kwenye pakacha. Tafuteni kwanza mtu wa kupokea simu, mwenye maneno. Mkishamzoea niiteni, tuanze kidogo kidogo. Mkiona faida, tuendelee."

Kimya akaona haya. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Usiende," akasema.

Mama aliyekuwa mlangoni akasimama. "Mimi?"

"Hapana, yeye. Kiwandani." Akamgeukia dada yake. "Usiende, mdogo wangu. Hii karakana bila wewe siitaki."

Dada aliinuka kwenye lile kochi. Machozi yalimlenga huku bado anatabasamu.

"Tangu nikuambie nasubiri neno hilo. Kumbe ulikuwa radhi kulipa kampuni nzima, kaka, kuliko kunibembeleza?"

"Utabaki?"

Simu ikaita mkononi mwa dada. Namba ngeni. Akaipokea akimtazama kaka yake.

"Karakana ya sofa, karibu... Ndiyo, tupo. Tupo wote wawili."