Mchaichai kwa Pua ya Wifi

Majirani walimwita Mama Utambi, kwa kuwa jikoni mwake mishumaa ilikuwa mingi kuliko sahani. Kwa miaka tisa alifuata utaratibu mmoja: gramu mia za nta kwa gramu saba za mafuta ya manukato, naye hakuyamimina mpaka kipimajoto kishuke hadi nyuzi sitini na tano, maana nta ikiwa ya moto mno harufu hupotea na mvuke. Hakuchagua mafuta kwa kunusa chupa. Aliwasha mshumaa mmoja wa majaribio, akafunga mlango, akatoka, kisha akarudi baada ya saa moja kana kwamba ni mgeni.

Mafua yaliyomlaza mwezi uliotangulia yalikuwa yameondoka na uwezo wake wa kunusa. Hakumwambia mtu. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameagiza mishumaa thelathini ya mchaichai, na kama ingemridhisha, angeagiza kila mwezi. Mtengeneza mishumaa asiyenusa, aliona, ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

Alifungua chupa, asisikie kitu. Akaongeza mafuta, akaongeza tena. Gramu saba zikawa kumi na nne. Mshumaa ulipoganda, matone ya mafuta yalikaa juu yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliingia na kuuinamia.

"Wifi, mshumaa wako unatoka jasho. Una homa?"

"Ni joto la jiko tu."

"Joto gani hili la kuwasha macho? Nimelisikia tangu kwenye ngazi."

"Na wewe umeanza lini kujua manukato, unayeunguza hata maji?"

"Tangu juzi, ulipokunywa maziwa yaliyochacha ukamaliza kikombe. Mficha maradhi huumbuliwa na maziwa."

Mama Utambi alifuta meza iliyokuwa safi. "Pua imekufa, wifi."

"Najua. Nilikuwa nangoja useme."

Nta ile ilitupwa. Walinunua chupa za mchaichai wa wauzaji watatu, wakajaribu mmoja kila siku kwa kipimo cha gramu saba. Wifi alitoka na kurudi. Mama Utambi aliandika maneno yake daftarini bila kuyapamba. Wa kwanza: "Sabuni ya kuoshea sakafu." Wa pili: "Nimeusikia mlangoni, ndani sikuuona." Wa tatu: "Kama mtu amekata majani sasa hivi."

Mishumaa thelathini ya chupa ya tatu ililazwa kabatini wiki mbili ili harufu ikolee, kisha wakaipeleka pamoja. Kabla ya kufungua sanduku, Mama Utambi alimweleza mwenye nyumba ya wageni kwamba hanusi tena, na kwamba aliyechagua ni huyu wifi yake. Mwenyeji aliwasha mmoja mezani, akaendelea kugawa funguo kwa wageni wawili. Mmoja wao aliuliza bustani iko upande gani.

"Mwezi ujao huyu wifi atakuwapo?" aliuliza mwenyeji.

"Muulize mwenyewe."

Wifi aliweka chini sanduku la pili. "Inategemea nitakavyoombwa," alisema.

Mama Utambi akamwomba palepale, mbele ya wageni.