Moja Kati ya Saba Iliyomwangukia Gesine

Na acheni kuniambia eti "lakini Hauke, kila mtu aliona kwa macho yake." Mliona nini? Mliona kadi kumi mezani, basi. Kwa kadi kumi mmemwita mwanamke mzima mwizi, na chai mnaendelea kunywa kwenye birika alilolileta yeye!

Shangazi yangu Gesine Tjarks anaendesha folklifti hapa bandarini Emden tangu mimi sijazaliwa. Hana mume, hana mbwa, televisheni haipendi. Ana Alhamisi yake. Siku hiyo akitoka kazini anaoga, anavaa sweta lake la bluu, anakuja klabu na mkate wa zabibu kavu kwenye mkoba, anafungua kabati la michezo. Ufunguo ulikuwa wake, kaufunga kwenye utepe shingoni. Nani alikuwa anafuta meza mkishamwaga? Nani alikuwa anatambaa chini ya viti kutafuta kadi mliyoidondosha? Semeni.

Mchezo anaoupenda ni ule wa kujenga fungu. Unaanza na kadi chache mbovu, unanunua nzuri mezani, unachanganya na zako, unachota. Tatizo ni zile mbovu, zinarudi mkononi kila saa. Ndiyo maana kadi tamu kuliko zote ni ya kuchoma: hiyo inakuruhusu kutupa takataka yako nje kabisa, fungu linabaki jepesi. Sasa, kwenye boksi kuna aina hamsini. Kila mchezo zinachotwa kumi bila kuangalia, na hizo tu ndizo mtakazonunua. Katika hamsini, za kuchoma ziko nane. Shikeni hiyo nane, nitairudia.

Mwenye ufunguo ndiye alikuwa anachota. Tangu baridi iishe, karibu kila meza aliyopanga shangazi ilikuwa na kuchoma, na kwa kuchoma hana mpinzani. Folkmar Uphoff, mwenyekiti wetu, akawa anapigwa wiki baada ya wiki. Na yule si mtu wa kupigwa akanyamaza.

"Gesine," akamwambia mbele za watu, "mbona ukichota wewe kuchoma hakukosi?"

"Kutakosaje, mwenyekiti? Ziko nane."

"Hesabu ndogo hii, mama. Kumi kwenye hamsini ni moja kati ya tano. Kwako inatoka kila siku!"

"Hiyo ni kadi moja unayoitaka kwa jina. Ukienda sokoni kumtafuta dada yangu Trientje, labda humwoni. Lakini kwetu tuko wanane, na wote tuna domo. Utazunguka soko zima usikutane hata na mmoja?"

Watu walicheka. Folkmar hakucheka.

Na shangazi alikuwa sahihi. Sisi tunaocheza sana tunajua: panga meza saba, kama sita hivi zitakuwa na kuchoma, moja itakosa. Hakuna uchawi hapo.

Ikaja Jumapili ya fainali ya klabu, yeye na Folkmar. Folkmar akasimama, kakamata zile kadi hamsini za kuchota, moja kwa kila aina. "Leo nachanganya mimi, nachota mimi. Kuchoma kusipotokea, tutajua kwa nini siku zote kulikuwa kunatokea."

Nilimvuta shangazi mpaka kwenye makoti.

"Usikubali. Ile moja kati ya saba ipo. Ikikuangukia leo wamekumaliza."

"Nikikataa je?"

"Watasema unaogopa."

"Basi umeshajibu. Niachie mkono, unanivuta sweta."

Tukarudi. Chai ikamiminwa, sukari ya mawe ikapasuka kwa moto wa chai kwenye vikombe, hakuna aliyeigusa. Folkmar akafunua ya kwanza. Kinu. Ya pili, Daraja. Anafunua taratibu kama anachuna ngozi ya samaki mkunga. Mfugaji. Mnara. Mimi nahema kama nimekimbia. Ya tano si yenyewe, ya sita si yenyewe. Shangazi kaweka mikono yote miwili mezani, ile mikono mikubwa, haitikisiki. Ya saba. Ya nane. Ya tisa ilikuwa Soko, na mtu mmoja nyuma akaguna.

Ya kumi, Folkmar aliifunika kwanza na kiganja. Akamwangalia. Akafunua.

Tanuri la Matofali.

Si ya kuchoma. Hata moja haikutoka.

Nyuma huko: "Ahaa."

Kiti changu kilianguka chenyewe. "Ahaa nini? Sema maneno kamili, mbwa wewe!"

"Kaa chini, Hauke," Folkmar akasema. "Kadi zimeshasema."

"Kadi hazina mdomo! Changanya tena! Chota mara ishirini tuone!"

"Tulikubaliana mara moja."

"Mara moja inaonyesha nini, mjinga wewe?"

"Hauke," shangazi akasema, "kaa. Tucheze."

Akacheza. Takataka zikamjaa mkononi mpaka mwisho na bado alimtoa Folkmar jasho. Akashindwa kidogo tu. Akampa mkono. Folkmar, sasa mpole kweli, akanyanyua birika ammiminie. Kwetu ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe, hakuna anayekuongezea. Shangazi hakushika kijiko. Alivua utepe shingoni, akaweka ufunguo wa kabati ndani ya kikombe. Kling! Mlisikia wote. Akachukua koti, akatoka. Mkate wa zabibu aliuacha mezani.

Na mliukata. Mliula!

Alhamisi iliyofuata nilipita kwake. Kaoga, kavaa sweta la bluu, kakaa jikoni anaangalia ukuta. Ijumaa hii Folkmar anataka kikao kimfute kabisa kwenye klabu, kura ya mikono.

Kwa hiyo chukua karata za kawaida, toa mbili zibaki hamsini, wewe unayesoma. Weka alama ya penseli kwenye nane. Changanya vizuri, chota kumi, angalia. Rudia mpaka uchoke. Mara nyingi utaona alama, na kuna mara utakosa kabisa, na hujamwibia mtu. Ukishaona, njoo Ijumaa klabu, unyanyue mkono kupinga asifutwe, na ule ufunguo muutoe kwenye kikombe mumpelekee.