Bi Mwatum na barua ya akili timamu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatano, mtaa wa Amani. Cherehani ya Bi Mwatum Gharib inalia, inanyamaza, inalia tena. Amekaa barazani kwake, miwani imeteremka puani, midomo imebana pini mbili. Mapajani kuna kanzu nyeupe iliyokwisha kushonwa zamani. Anachokifanya ni kugeuza upindo wake kwa ndani na kushonea kitambaa kidogo chenye maandishi ya uzi mweusi: "Sijalewa. Niliumia kichwa. Tafadhali piga simu hii." Chini yake ipo namba yake mwenyewe.

Leo kitambaa hicho kimoja ameshakifumua mara tatu, na kila akikifumua anaguna.

"Ntakwambia ukweli, mwanangu," anamwambia mwandishi baada ya kuzitoa pini mdomoni. "Tangu Alkhamisi iliyopita chakula hakipiti kooni. Kesho nnakwenda mbele ya kadhi kujibu barua niloandika kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikijibu vibaya, nyumba ya watu inavunjika."

Bi Mwatum ana umri wa miaka 52. Kwa miaka 26 ameishi kwa cherehani hii, kanzu moja shilingi 12,000, na mwezi wa Ramadhani ndio anaopumua kidogo. Lakini Amani nzima hawamwiti Bi Mwatum wa kanzu. Wanamwita Bi Mwatum wa vichwa.

Jina hilo lilianza miaka tisa iliyopita, mdogo wake Ulfat alipogongwa na vespa. Alikaa hospitali wiki tatu, akatoka akiwa hai, shukurani kwa Mungu, ila anayumba akitembea na maneno yanamtoka kwa kuburura. Jamaa wakasema ana shetani. Akatafutwa mganga, akaletwa mbuzi, ukafukizwa ubani mpaka majirani wakakohoa. Wapi!

Siku moja Ulfat akaenda sokoni kununua ndizi. Muuzaji akamtazama anavyoyumba, akamsikia anavyosema, akamfukuza kwa ukelele.

"Mtoto wa Kiislamu, kavaa buibui lake, anaambiwa kalewa saa nne ya asubuhi!" anasema Bi Mwatum, na hasira ya miaka tisa bado ni mbichi. "Siku ile nlikaa hapa nikashona kile kitambaa cha kwanza. Nlilia mpaka sindano siioni."

Leo kikundi chake kina watu 31 walioumia ubongo, pamoja na familia zao. Wengi wao waliangushwa na bodaboda au vespa. Wapo walioanguka kwenye minazi, na mmoja aliangukiwa na tofali. Hukutana kila Jumapili hapa barazani. Hakuna daktari wala mfadhili, ipo chai tu na mkeka.

Wanachofundishana ni mambo madogo ambayo hospitali haina nafasi ya kuyakalia. Sema neno moja, ungoje, ndipo useme la pili. Zima televisheni kabla ya kuongea naye. Usimuulize "hukumbuki?" maana hilo swali linaumiza kuliko jeraha. Na sheria moja ya Bi Mwatum ambayo hana mzaha nayo: hasemi habari za mtu mbele ya wengine, awe sheha wa mtaa, awe daktari, awe tajiri wa kazi, mpaka mwenyewe amempa ruhusa.

Sasa tumfikie Ubwa Mcha, maana kwake ndiko mambo yalikoharibika.

Ubwa ana miaka 38 na nyumba yake iko Mtoni. Ni fundi wa milango ya kuchonga, na alikuwa fundi hasa, wa kuitwa na wenye majumba ya Mji Mkongwe kwa jina lake. Mwaka juzi jukwaa lilimtupa akiwa anapachika kizingiti cha juu. Siku kumi na moja hakufumbua macho. Alipoamka, mkono wa kushoto ulikuwa dhaifu, kumbukumbu ya jana haikai, na hasira ambayo hakuwa nayo ikaja ikakaa.

Mkewe, Shemsa, alimfundisha kila kitu upya, kuanzia kutia udhu hadi kufunga vifungo. Mwaka jana Ubwa akatamani kurudi kazini. Tajiri wa karakana hakukataa, ila alitaka karatasi ya kumhakikishia. Ubwa akamwomba Bi Mwatum. Bi Mwatum akaketi, akaandika mistari minne. Mmoja ulisema: "Ubwa Mcha amepona, ana akili timamu, na hana tatizo la kufanya kazi na watu."

"Nlifurahi wakati naandika," anakumbuka. "Nlijiona nimemfungulia mlango. Kumbe!"

Ubwa akapewa kazi ya kupiga msasa. Miezi minne ilikwenda vizuri. Siku moja akashika patasi, akanyang'anywa mbele ya wenzake kwa kuogopa asijikate. Akarudi nyumbani kichwa kinamgonga. Jirani kulikuwa na harusi, maspika yanapiga tangu mchana. Chungu cha wali kilikuwa kinafurika jikoni. Shemsa akamuuliza mambo mawili kwa pamoja, kama mke yeyote anavyomuuliza mumewe.

Ubwa akavunja sahani mbili. Kisha, mbele ya mama yake na majirani wawili, akasema "nimekuacha" mara tatu.

Akaenda kulala. Alipoamka magharibi alimwita mkewe, akamuuliza mbona chai imechelewa.

Shemsa alikuwa ameshajifunika, anakunja nguo zake. Usiku haukumkuta Mtoni. Sasa yuko kwa wazazi wake Mkokotoni, anakaa eda inayoelekea kwisha. Mwandishi wa simulizi hii alimkuta uani anachambua mchele, na hakuinua uso mpaka alipotajiwa jina la Ubwa.

"Anakula?" ndilo neno lake la kwanza.

Jibu la kweli ni kwamba hali chakula vizuri. Vidonge vya kuzuia kifafa, kilichokuja na lile jeraha, alizoea kuvipokea mkononi mwa Shemsa tu, na wengine wakimpa anavitema. Tangu mkewe aondoke ameanguka kifafa mara mbili.

"Aloniacha si yule nilokuwa namjua mimi," Shemsa anasema. "Lakini talaka tatu si mchezo. Nikirudi kwa kuhisi-hisi tu, ntalala na shaka kila siku. Nataka kadhi aseme. Akisema imepita, ntakaa. Akisema haikupita, nnakwenda Mtoni hivi hivi nilivyo, hata viatu sivai."

Na kadhi angeweza kusema wiki iliyopita, lau si ile barua.

Siku hiyo mahakamani Bi Mwatum, kwa haraka ya kumwokoa Shemsa, aliisahau sheria yake ya ruhusa, akasimama akaeleza kuwa saa ile ya talaka Ubwa hakuwa na akili zake, kwamba ni jeraha lililosema. Kaka mkubwa wa Ubwa, Hafiz, naye akasimama. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua taratibu. Ilikuwa nakala ya barua ya karakana, yenye saini ya Bi Mwatum.

Hafiz si mtu mbaya, na ni vyema kusema hivyo mapema. Ni yeye anayelipa maji na umeme wa nyumba ya mdogo wake. Kwa simu, sauti yake ni ya mtu asiyelala.

"Mimi sitaki ndugu yangu aishi na mwanamke ambaye si wake," anasema. "Tutamjibu nini Mungu? Na jengine, katika ukoo wetu hakuna mwendawazimu. Leo likiandikwa mahakamani kwamba Ubwa hana akili, nani atampa kazi tena? Nani atampa hata salamu? Huyo Bi Mwatum mwenyewe aliandika kuwa timamu. Achague moja."

Kadhi aliisoma barua mara mbili. Kwa mujibu wa waliokuwapo, alimtazama Bi Mwatum bila ukali. "Mtu asiye na akili wakati wa kutamka, talaka yake haipiti," alisema. "Hilo halina mgogoro. Lakini mimi nahukumu kwa ushahidi. Mmoja kaniambia huyu ni timamu, na ni wewe. Mwengine kaniambia si timamu, na ni wewe vilevile. Nimshike yupi?"

Bi Mwatum akapewa wiki moja alete maelezo yake pamoja na karatasi ya daktari. Karatasi ya daktari ameipata. Maelezo ndiyo hayo yanayomnyima chakula.

"Miaka tisa nawaambia watu, hawa si wendawazimu, waacheni wafanye kazi, waacheni waoe," anasema, na sasa cherehani imenyamaza kabisa. "Leo nisimame niseme hana akili? Watoto wa watu wote 31 watanitazama vipi? Lakini nikinyamaza, Shemsa ndo basi tena. Jamani, mie nimejitia wapi?"

Juzi alianza barua mpya. Amefuta, ameandika, amefuta. Iliyobaki ina mistari miwili tu. Inasema kuwa Ubwa ana akili, na kwamba zipo saa jeraha humnyang'anya, yakija makelele na maswali mengi kwa pamoja, na saa ya talaka ilikuwa moja ya hizo. Anasema tangu sasa kikundi chake hakitaandika tena neno "amepona" kwenye karatasi ya mtu yeyote. Kitaandika yote, anayoyaweza mtu na yanayomshinda, tajiri asome, kadhi asome.

Lakini barua haijatoka nyumbani, kwa sababu safari hii hatasema bila ruhusa ya Ubwa, na hajaipata.

Baada ya sala ya adhuhuri anafunika cherehani, anavaa buibui, anakwenda Mtoni. Ubwa amekaa mlangoni kwake na kipande cha mbao ya msaji mapajani. Kidole chake kinafuata ua lililochongwa zamani.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

"Nshakula," anasema Ubwa. Nyuma yake mama yake anatikisa kichwa kwamba hajala. "Bi, hukupita Mkokotoni? Shemsa kachelewa sana. Mama yake hajapata nafuu?"

Huo ni uongo wa mama yake Ubwa, na humlaumu ukimtazama. Kwa wiki kumi na moja Ubwa huuliza kila siku, na kila siku huambiwa mkewe amekwenda kumuuguza mzazi wake. Hata wiki iliyopita mahakamani alisikia yote, akalia mbele ya watu, na asubuhi yake akauliza tena.

"Usimwambie," mama anamnong'oneza Bi Mwatum. "Nakuomba. Nenda kaseme unachotaka huko, yeye mwache."

"Siwezi, dada yangu. Kichwa ni chake."

Bi Mwatum anakaa chini, magoti kwa magoti na Ubwa. Anasema jambo moja, anangoja. Ulikasirika. Anangoja. Ukamtamkia Shemsa talaka. Anangoja. Mara tatu.

"Mie?" Ubwa anashtuka, msaji unamponyoka. "Mie nimwache Shemsa? Wallahi sijasema!"

"Ulisema, mwanangu. Hukumbuki, na si kosa lako."

Ubwa anafunika uso kwa mkono wake mzima. Analia kama mtu aliyepata habari leo, na kwake yeye ni leo. Mama yake anageukia ukutani. Pumzi za Ubwa zinaporudi, Bi Mwatum anamweleza barua ya karakana na swali la kadhi.

"Uliandika nna akili?"

"Nliandika."

"Ilikuwa uongo?"

"Haikuwa uongo. Ilikuwa nusu. Kesho nataka kusema nusu ilobaki. Mbele ya kadhi, mbele ya kaka yako, Shemsa naye anasikia. Ntasema zipo saa huna akili, na saa ile hukuwa nayo."

Uso wa Ubwa umebadilika, na mama yake, anayeujua uso huo, anasogeza bilauri ya maji mbali naye.

"Mie si mwendawazimu, Bi Mwatum."

"Si mwendawazimu."

"Na utanisema."

"Ukinipa ruhusa. Usiponipa, sifungui mdomo. Hata Shemsa asirudi, sifungui."

Mama anashika kichwa. Ubwa anainama kuokota kipande chake cha msaji, anakipangusa vumbi kwa kanzu, taratibu, pembe baada ya pembe.

"Ukisema, Shemsa atarudi?"

"Sijui, mwanangu. Huenda. Anayejua ni kadhi."

"Basi sema," anasema Ubwa. Kisha anamshika mkono kabla hajainuka. "Lakini kesho ntakuwa nshasahau kama nimekuruhusu. Nikisimama pale nikakukatiza, nikakwambia unyamaze, wewe usinyamaze."