Shati Lililogeuzwa Kola

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili usije ukamlaumu Fundi. Mimi ndiye niliyezibana herufi.

Fundi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye anashona sare za shule, mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala. Ni mjane, mdomoni ana pini muda wote, na maneno yanapita hapohapo bila kumchoma. Miaka mitatu alikuwa akiandika filamu kwenye madaftari, habari za mama yake. Kuna kampuni ya filamu inayopokea miswada ya waandishi wapya, na kila mwaka huchukua mmoja. Alishakataliwa mara mbili.

"Wakinikataa safari hii," aliniambia, "madaftari yote nayachoma."

Namjua. Angeyachoma kweli.

Masharti yalisema kurasa zisizidi mia moja. Nilipomaliza kuchapa zilifika mia na thelathini.

"Mdogo wangu, si uibane tu?" akasema. "Mimi sketi ikizidi naipunguza, hata anayeivaa hajui."

Nikabana. Herufi nikazipunguza, pambizo nikazila, zikatoka tisini na nane. Tulicheka kama wezi.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho ya kupokea, Fundi akaupeleka mswada. Saa tano alirudi nao mkononi, mdomoni hana pini hata moja. Msomaji wa kampuni alikuwa ameutazama ukurasa wa kwanza tu, akaufunga.

"Kasema ukurasa mmoja ni dakika moja ya filamu," alisema Fundi. "Eti hapa nimeficha nusu saa. Nirudi kabla ya saa kumi, herufi za kawaida, la sivyo nisirudi tena." Akakaa. "Na mawazo yote niyatoe. Kamera haioni moyoni."

Nikafunga mlango wa duka, wateja wagonge wachoke.

Tulianza kufuta. Kila "anakumbuka", kila "anahisi". Mimi nafuta, yeye anaguna kama anang'olewa jino. Saa saba zilibaki kurasa mia na kumi na nane. Saa nane, mia na tisa. Kwa papara nikafuta onyesho zima kwa bahati mbaya, nikalirudisha haraka. Sikumwambia, na mpaka leo hajui.

Ndipo tukafika kwenye onyesho hili: NDANI. CHUMBANI KWA MAMA. ASUBUHI. Baba kaondoka jana na mwanamke mwingine. Kurasa tatu nzima mama anawaza.

"Hizo usiziguse," alisema Fundi.

"Lakini hakuna atakayeziona."

"Sasa watajuaje kama aliumia?"

Niliitazama saa ya ukutani. Nikamjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa: "Usiniambie aliwaza nini. Asubuhi ile alifanya nini? Si ulikuwepo?"

Nikajuta hapohapo.

"Alichukua shati la baba," alisema Fundi. "Kola ilikuwa imesagika. Akaifumua, akaigeuza, upande mzima ukaja juu, akaishona tena. Akalitundika nyuma ya mlango."

"Shati la mtu aliyekwishaondoka?"

"Ndiyo."

Niliandika hivyohivyo, mistari minne. Kurasa tatu zikaenda na maji, na Fundi hakuguna. Kuanzia hapo, kila penye wazo alifumba macho kidogo, kisha akaniambia mama yake alishika nini. Saa tisa na nusu tulikuwa na kurasa tisini na tisa, herufi za ukubwa wa kawaida.

Nilimsindikiza mbiombio. Msomaji, bwana mwembamba mwenye miwani, aliupokea akiwa amesimama pale mapokezi. Akapima pambizo kwa kidole, halafu akaanza kufunua, haraka, kama mtu anayetafuta kosa. Katikati akapunguza mwendo. Akarudi ukurasa mmoja nyuma.

"Huyu baba," aliuliza bila kuinua macho, "alirudi kulivaa?"

Fundi alipitisha ulimi mdomoni akitafuta pini, hakuzikuta.

"Ninalo mimi," alisema. "Kola bado mpya."

Msomaji akaketi palepale kwenye kiti cha wageni, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Saa kumi ikafika, mlinzi akaja na funguo, msomaji akamwashiria kwa mkono asubiri.