Makopo saba ya Mama Bambo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitasa cha chumba cha sampuli bado kina umande, na mpima nafaka mkongwe kuliko wote katika kituo hiki cha wakala wa nafaka wa serikali ameshafika, ameshavua viatu na kuvaa ndala, na anashusha makopo kutoka kwenye rafu. Moja, mawili, mpaka saba. Anayapanga mezani, anafungua la kwanza, anachungulia upande wa ndani wa kifuniko, anatia pua.

Anafunga. Anafungua la pili. Akimaliza la saba, anavuta stuli na kukaa.

"Afadhali yangenuka," anasema.

Kwa mtu anayelipwa kuhakikisha mahindi ya serikali hayanuki, hiyo ni kauli ya ajabu. Lakini leo saa nane mchana kamati kutoka makao makuu inakaa kuamua kama kipima unyevu cha betri kichukue nafasi ya meno yake. Makopo haya, ambayo hakuna mwingine aliyefikiria kuyafungua, yanasema meno yamekosea mara saba.

Hapa wanamwita Mama Bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji kinachodungwa kwenye gunia ili kitoe punje za katikati bila gunia kufunguliwa. Ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kudunga magunia ya watu. Anadunga, anapokea punje kiganjani, anatupa moja mdomoni upande wa kushoto, anang'ata. Ikipasuka kwa mlio, gunia linapita. Ikibonyea, gari linageuzwa.

"Upande wa kulia nilishaumaliza," anasema, akionyesha magego yaliyolika hadi karibu na ufizi. "Wenzangu watastaafu na kiinua mgongo, mimi nitastaafu na uji."

Kugeuzwa gari si mchezo. Kukodi gari la magunia thelathini kutoka vijiji vya mbali kunameza bei ya magunia manne, na likikataliwa ni manne mengine ya kurudi. Kwa hiyo wengi hawarudi. Nje ya geti wanasubiri walanguzi, wana mizani yao na pole zao, na wananunua kwa nusu ya bei. Upande wa pili, mahindi mabichi yakipita kwa bahati mbaya, huchemka ndani ya ghala na kuozesha hata yale ya jirani. Kati ya hasara hizo mbili lilisimama jino la mama mmoja, na watu waliliamini.

Kipima kililetwa miezi mitatu iliyopita. Wafanyakazi wakakipachika jina la Bwana Mdogo, kwa kuwa kina ukubwa wa mkebe wa maziwa ya unga na kinatoa jibu kwa sekunde kumi bila hata kuuliza habari za nyumbani.

Isidhaniwe kwamba wakala huu hupokea mashine kwa vigelegele. Miaka sita iliyopita ilinunuliwa mashine kubwa ya kuchekecha nafaka, na hakuna aliyekiuliza kituo kama umeme wake ungeweza kuiendesha. Haukuweza. Hadi leo imelala nyuma ya ghala namba tatu chini ya turubai. Nilimuuliza mtunza ghala kama imewahi kuleta faida yoyote.

"Kuku wa mlinzi wanataga humo," alisema. "Mayai tumepata."

Tangu aibu ile, pakawekwa kanuni: chombo kipya hakinunuliwi mpaka kijaribiwe kituoni, msimu mzima, na watu watakaokitumia. Ni kanuni nzuri, na ningependa kuiona katika ofisi nyingine ambazo sitazitaja.

Jaribio lenyewe lilipangwa hivi. Mafungu arobaini ya mahindi. Kila fungu Mama Bambo analing'ata, anaandika namba yake kwenye kadi, anaitia kwenye bahasha na kuibandika. Baada ya hapo ndipo Bwana Mdogo anapoulizwa. Kisha sehemu ya tatu inapelekwa kwenye tanuri la maabara, ambalo hukausha punje hadi tone la mwisho na kutoa hukumu siku ya pili. Mstari ni asilimia kumi na tatu na nusu ya unyevu. Ukizidi hapo, gari linageuzwa.

Shida ya kwanza ilikuwa kadi. Mama Bambo aliishia darasa la saba, na kwa miaka yote hiyo vipimo vyake vilikuwa vitatu: makavu, yanakaribia, mabichi. Sasa anatakiwa kuandika namba yenye nukta. Mke wa mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, alimkalisha kwenye meza ya jikoni akamfundisha desimali.

"Aliniambia, 'Mama, chukulia asilimia moja ni mkate, tuukate vipande kumi,'" anasimulia. "Nikamwambia mwanangu, mkate wenyewe uko wapi? Akacheka, lakini alinifundisha. Hakuchoka nami hata siku moja, na Mungu ambariki."

Mhandisi wa makao makuu anayesimamia jaribio ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, mwenye tabia ya kuifuta mashine kwa leso kila baada ya kuitumia. Wiki mbili za kwanza hakuwa na wasiwasi. Kisha likaja fungu la kumi na nne, saa saba mchana, jua la utosi, mahindi yametoka moja kwa moja kwenye turubai walikoyaanika. Bwana Mdogo akasema kumi na tatu nukta mbili: yapite. Kadi ya Mama Bambo ilisema kumi na tano.

"Nikamwambia, Mama, hii haina sababu ya kukudanganya," anakumbuka mhandisi.

Siku ya pili tanuri likatoa kumi na tano nukta moja.

Mhandisi akarudia kipimo cha tanuri. Jibu likawa lilelile. Mama Bambo ndiye aliyemweleza, tena bila kujishaua: mahindi yaliyochomwa na jua la asubuhi moja hukauka ngozi tu, moyo wa punje ukabaki na maji. Akayafunga kwenye kopo, akayaacha kivulini mpaka kesho. Kesho yake mashine ikasema kumi na nne nukta tisa.

"Mashine haikudanganya," anasema Mama Bambo. "Sisi ndio tuliiuliza kabla mahindi hayajatulia. Hata mtu aliyetoka safari ukimuuliza mambo mlangoni, atakujibu nusu."

Kosa hilo lilijitokeza mara nne, zote mchana, zote kwa mahindi ya moto. Na mara zote nne mashine ingepitisha mahindi mabichi ghalani. Habari zikaenea kituoni, na wapima wakaanza kutembea vifua mbele.

Sasa tuje kwenye yale saba. Katika wiki ya tano umeme ulikatikakatika kwa siku tatu. Tanuri likikatikiwa na umeme huondoa maji nusunusu, na hesabu huonyesha mahindi makavu kuliko yalivyo. Mafungu saba yalipita tanurini siku hizo. Yote saba Mama Bambo aliandika kumi na sita na zaidi. Mashine na tanuri vikasema chini ya kumi na tatu. Kwa kuwa hakimu mwenyewe alikuwa gizani, kamati ilijiandaa kuyafuta mafungu hayo kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ndiyo inayomkalisha mama huyu kwenye stuli asubuhi hii. Saba yakifutwa yanabaki thelathini na matatu. Yeye amepata yote. Mashine imekosa manne. Mashine inafungwa kwenye boksi na kurudi ilikotoka. Saba yakihesabiwa, mashine imepata thelathini na sita kati ya arobaini, yeye thelathini na matatu.

Kwa mazoea ya miaka mingi, Mama Bambo huweka masalio ya kila sampuli kwenye kopo lililofungwa. Mahindi mabichi hayavumilii kifungo hicho wiki tatu. Kifuniko hutoa jasho, kisha ukungu, kisha harufu ya kufukuza hata panya. Makopo haya saba hayana jasho wala harufu, na punje zinacheza ndani kama changarawe.

"Ni ile mbegu mpya," anasema, na sauti yake inashuka. "Punje yake laini. Hata ikikauka, ukiing'ata haitoi mlio. Mahindi yamebadilika, mimi nimebaki na jino la mahindi ya zamani."

Mbegu hiyo imepandwa kwa misimu mitatu. Namuuliza amegeuza magari mangapi ya namna hiyo. Anasema hajui, na kwamba hilo ndilo linalomuuma: hajui.

Mmoja anamkumbuka. Ni mzee mkulima anayekuja na daftari mfukoni, aliyegeuzwa mara mbili msimu uliopita. Mara ya pili alimwambia, "Mama, mahindi haya yamekauka hadi panya wangu wamehama." Watu wote getini walicheka, na Mama Bambo alicheka nao. Kisha akamgeuza. Mzee akauza nje ya geti kwa nusu ya bei, na binti yake aliyekuwa amepata nafasi ya chuo akaisubiri mwaka mzima.

Saa tano, mpima mwenzake anaingia chumba cha sampuli. Wanamwita Sikio, kwa kuwa yeye hutikisa punje karibu na sikio kabla ya kung'ata. Anaona makopo yaliyofunguliwa na anaelewa upesi.

"Dada, hayo yarudishe kwenye rafu," anasema. "Leo sema yale manne tu. Hakuna atakayekuuliza mengine."

"Na nikiulizwa?"

"Utasema umeme ulikatika. Si kweli ulikatika?"

"Ulikatika."

"Basi. Hapo uongo uko wapi? Tuko wapima kumi na mmoja, Dada. Kila mmoja ana watu wanaomsubiri nyumbani."

Sikio si mtu mbaya, na alichosema si cha kupuuzwa: ana watoto wanne na mama mgonjwa, na mshahara wa mpima huishia katikati ya mwezi. Anamwekea mkono begani, kisha anatoka. Mama Bambo anabaki akipanga makopo, anayapangua, anayapanga tena. Mwishowe anayatia yote kwenye karai, anaongeza na la nane.

Saa nane. Chumba cha mikutano kina meza ndefu, feni moja inayozunguka na nyingine inayopumzika. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, anasoma taarifa. Anapofika kwenye mafungu saba, anasema yatafutwa. Je, mpima ana neno?

Mama Bambo anasimama na karai lake.

"Msiyafute, mheshimiwa. Nilikosea."

Anaanza na kopo la nane, la fungu ambalo yeye na tanuri walikubaliana kuwa bichi. Kifuniko kinafunguka, na wajumbe watatu wanarudi nyuma na viti vyao. Mhandisi anatoa ile leso yake ya mashine na kuziba pua. "Hayo ndiyo mabichi ya wiki tatu," anasema Mama Bambo. Kisha anawapitishia yale saba, moja baada ya jingine. Wananusa kwa hofu kwanza, kisha wanatia mikono.

"Haya niliyakataa. Ni makavu. Mashine ilisema kweli, mimi sikusema kweli, na wenye mahindi walipata hasara kwa kinywa changu."

Nyuma, karibu na mlango, Sikio anaangalia viatu vyake.

Lakini aliyedhani mama huyu amekuja kusalimu amri hamjui. Hakai. Anadai kwanza yale manne yaandikwe kwa herufi kubwa kama mengine, na sio kama "hali ya hewa" kwenye ukurasa wa mwisho, na mhandisi anakubali kwa kutikisa kichwa. Mahindi ya juani yasipimwe kabla hayajalala kwenye kopo. Pili, mashine washike wapima walewale, kwa kuwa asiyejua mahindi ataiamini hata ikiwa na homa. Tatu, na hapo anaishika mashine mkononi kwa mara ya kwanza bila kuombwa: "Huyu Bwana Mdogo anaingia kwenye mkoba. Tanuri na ghala haviwezi kwenda kijijini, huyu anaweza. Kwa nini mkulima akodi gari ndipo aambiwe mahindi yake ni mabichi? Tumfuate tumwambie angali kwake."

Kamati inajifungia dakika arobaini. Ikitoka, mwenyekiti anasoma kwa kifupi: mashine zitanunuliwa kwa vituo vitatu kwanza, kanuni ya kopo itaandikwa, na kila wiki itatengwa siku moja ya kupima vijijini. Wapima wote kumi na mmoja watapewa mafunzo na mtihani wa maandishi baada ya wiki nane. Atakayefaulu atashika mashine. Atakayeshindwa atahamishiwa kushona magunia.

Uani, Sikio anamfuata. Hana hasira, ana hofu, na hofu inamfanya aseme kwa ukali.

"Umetuingiza darasani uzeeni. Na ukifeli wewe mwenyewe?"

"Nimefeli mara saba mezani kwa mwenyekiti, watu wananusa," anasema Mama Bambo. "Karatasi itanifanya nini zaidi? Jumamosi njoo nyumbani, mkwe wangu atatufundisha wote wawili. Njoo na kalamu yako, sina za kugawa."

Sikio anasema atakuja. Mama Bambo anaketi kwenye ngazi za mizani, anatoa simu, anatafuta namba aliyoipata asubuhi kwa karani wa mapokezi. Ni ya yule mzee mwenye daftari. Anajitambulisha, anamweleza habari za makopo bila kuzunguka, na anamwomba radhi. Mimi niliyekaa pembeni nasikia kuku wa upande wa pili wa simu.

"Msimu huu usikodi gari, mzee wangu," anasema. "Nitakuja mimi nikupimie uani kwako. Ila kuna mtihani kwanza."

"Basi ufaulu, Mama," mzee anamjibu. "Mimi nimeshachoka kukataliwa."

"Nitafaulu," anasema Mama Bambo.