Mashine ya Mama Hugues

Mtaani Cibitoke siri haina pa kukaa. Mashine ile ya kukimbilia iliposhushwa kwenye kamiyoneti, vijana wanne wakihema chini yake, kila jirani aliiona. Ilitumwa na Hugues, mwana wa pekee wa Dative, anayefanya kazi Ubelgiji. Daktari alikuwa amemwagiza mama yake akimbie kwa ajili ya sukari, na Hugues hakutaka akimbie barabarani penye mashimo na pikipiki. Ikawekwa sebuleni, pale kilipokuwa kiti cha marehemu baba yake.

Mwana wa namna hiyo utamkosoaje? Dative alimwombea baraka. Lakini tuseme kweli: mashine ile ilimtia upweke kuliko ujane wenyewe.

Maana Dative alikuwa mtu wa klabu ya mbio. Jumamosi asubuhi watu hukimbia wawili wawili kwenye mstari, wakiimba na kupiga makofi, na hakuna anayeruhusiwa kuutangulia wimbo. Wakifika kwa mwenzao aliyejilalia, husimama langoni wakaliimba jina lake mpaka atoke, hata na mswaki mdomoni. Ubavuni mwa Dative alikuwa Asiya, jirani yake muuza vitenge, tangu watoto wao wakiwa wadogo. Umbea wote wa mtaa waliumaliza njiani.

Ilipokuja mashine, klabu ikaacha kusimama langoni kwake. Jumamosi ya kwanza alidhani wamesahau. Zilizofuata akajua wamemwacha. Akawa anakimbia akiutazama ukuta, akisikia makofi yao yakija, yakipita, yakipotelea upande wa Mutakura. Unakimbia weee, jasho linakutoka, hufiki popote, na hakuna hata wa kukwambia pole. Siku moja alilia huku akikimbia, na mashine haikupunguza mwendo. Kuwauliza alishindwa. Mtu mzima aombe kuitwa?

Hatimaye alichoshwa na kiburi chake mwenyewe. Jumamosi moja akavaa raba, akasimama nje ya lango akiwangoja. Walipomwona wakampigia makofi.

"Aksanti kutusalimia, Mama Hugues," alisema Massoudi, fundi magari anayeongoza nyimbo, na mstari mzima ukapita. Ubavuni mwa Asiya alikuwepo Soumaya, bibi harusi wa juzijuzi.

Dative akawafuata. Lo, barabara haina huruma! Mlima uko palepale unakungoja, vumbi linaingia kooni, na miguu iliyozoea kusukumwa na umeme inataka kurudi kulala. Aliwakuta Mutakura wakijinyoosha, akamwendea Asiya hata kabla pumzi haijamrudia.

"Mama Rachid, mbona muliniacha?"

Asiya alishangaa kweli. "Tukuache? Weye uko na mashine kwako. Tulisema tusimusumbue, mwenzetu amepumzika na hii vumbi."

"Apana. Mi nilikuwa mupweke. Mupweke sana."

Asiya alimshika mkono. Massoudi akapuliza filimbi, watu wakajipanga, na Soumaya kwa mazoea akaenda kusimama ubavuni mwa Asiya. Asiya alimtazama Dative, akamtazama yule binti, akainamisha macho. Angemfukuzaje mtoto wa watu mbele ya wenzake? Kila mtu alikuwa na wa kwake. Dative akasimama mwisho kabisa.

Iliuma, tusidanganyane. Njia nzima aliitikia wimbo akiitazama migongo ya wengine, na kando yake hapakuwa na mtu.

Jioni Hugues alipiga simu. "Mama, mashine inakufaa?"

"Itafutie mutu mwingine, mwanangu. Mi narudi mu klabu."

"Kwa Mama Rachid?"

"Apana, ile nafasi iko na mwenyewe. Nakimbia nyuma."

"Nyuma, peke yako? Sasa kuna tofauti gani na kukimbia mu nyumba?"

Dative alilikanda goti lake lililochubuka.

"Leo nilianguka," alisema. "Wakasimama wote."